Nyutro kwenye fezi tatu: namna ya kuipima, kuipunguzia mzigo na kuijua ikikatika

Ukimuuliza fundi wa kawaida hapa Mombasa ni waya gani ya kuogopwa ndani ya bodi atakwambia fezi, ile inayoleta stima, lakini nyutro, ile ya kuirudisha, ataishika kwa mkono mtupu, manake aliyemfunza kazi alimwambia nyutro haina stima. Mimi hilo silikubali kabisa. Hizi friji na TV zinazoungua kwa mkupuo kwenye maflati ya Nyali, Bamburi na Kisauni, na hizi bodi zinazonuka plastiki usiku, ukifuatilia mpaka mwanzo wake mara nyingi unakuta kisa kimeanzia kwenye nyutro, ama imebebeshwa mzigo ambao hakuna aliyeupima, ama imelegea, ama imekatika na watu hawajajua.

Kabla hatujaenda mbali, kufungua bodi yenye stima na kupima ndani ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya serikali, na vifaa vyake vya kujikinga. Mwenye nyumba soma uelewe, ujue cha kumuuliza fundi na usipigwe bei ya kitu ambacho hakikuharibika, lakini funiko la bodi liache mahali pake.

NYUTRO INABEBA NINI HASA

Transfoma ya mtaani inatuletea waya nne, fezi tatu na nyutro. Fezi kwa fezi unapata volti 415, fezi kwa nyutro 240, na wimbi linapiga mara 50 kwa sekunde. Sasa zile fezi tatu hazipandi na kushuka kwa pamoja, zinafuatana, kila moja iko nyuma ya mwenzake kwa thuluthi ya duara yaani digrii 120, na ukishaelewa hapo umeelewa karibu kila kitu. Chukua pete ya chuma uifunge kamba tatu, watu watatu wasimame kuizunguka kwa nafasi sawa kila mmoja avute upande wake. Wakivuta sawa pete haitoki katikati. Mmoja akilegeza pete inakwenda kwa wale wawili, na ukitaka ibaki pale pale lazima pawe na kitu kinaishikilia. Nyutro ndo inaishikilia, na ile nguvu inayotumika kuishikilia ndo stima inayopita kwenye nyutro.

Kwa hivyo ukiwa na ampea 20 kwenye nyekundu, 20 kwenye manjano na 20 kwenye buluu, nyutro haibebi 60, inabeba sifuri. Hapa ndo wanafunzi wengi wanakwama manake wamezoea nyumba ya fezi moja ambako kila kilichoingia kwa fezi kinarudi kwa nyutro chote. Kwenye fezi tatu stima inayorudi kutoka fezi hii inatokea nyingine kwa saa hiyo hiyo iko tayari kuichukua, zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, kinachobaki kwenda transfoma kupitia nyutro ni ile tofauti tu.

Hesabu yake si ngumu, simu yako inatosha. Zidisha kila fezi kwa yenyewe, ujumlishe zote tatu. Alafu zidisha nyekundu kwa manjano, manjano kwa buluu, buluu kwa nyekundu, ujumlishe hizo nazo. Toa jumla ya pili kwenye ile ya kwanza, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mfano fezi zako ni 40, 25 na 10. Jumla ya kwanza ni 1600 + 625 + 100 = 2325. Jumla ya pili ni 1000 + 250 + 400 = 1650. Inabaki 675, kipeuo chake ni kama 26. Basi nyutro hapo inabeba ampea 26, imeizidi hata fezi ya manjano.

Na angalia hii moja manake inawashangaza hata watu waliofanya kazi miaka. Fezi mbili zikiwa na ampea 30 kila moja na ya tatu imezimwa, nyutro ni ngapi? Wengine watasema 60, wengine 15. Fanya hesabu, 900 + 900 kutoa 900, kipeuo ni 30. Na ukizima moja tena ibaki fezi moja tu, nyutro bado ni 30. Kwa hivyo hesabu ya kichwa ya kujumlisha na kutoa hapa haifai, tumia ile ya juu.

Hesabu hii inashika pale ambapo mizigo imeungwa fezi kwa nyutro na tabia yake inafanana. Mota ya fezi tatu ya kinu cha posho au pampu ya kisima haigusi nyutro kabisa, inakula kwa fezi zote sawa. Mashine ya kuchomelea ya 415 inaungwa fezi kwa fezi, hiyo nayo haitumi kitu kwenye nyutro ingawa kilampu yako, ile mita ya kubana waya, itaonyesha fezi mbili ziko juu na moja iko chini, na usipojua utapiga hesabu upate nyutro kubwa ambayo haipo.

KUIPIMA

Kwanza saa ya kupima. Ukienda saa nne asubuhi siku ya kazi watu hawapo, AC zimelala, utapata namba nzuri ambazo hazina maana yoyote. Nenda usiku kama saa mbili au tatu, na kama waweza iwe miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, joto limebana na kila chumba AC inavuma. Ramadhani ile saa moja kabla ya magharibi pia ni nzuri sana kupima, jiko la stima, ovena, blenda ya juisi, zote ziko kazini pamoja, hapo ndo unaona jengo lavyobeba kwa kweli.

Kilampu mita yako iwe ni tru-RMS na iwe na alama ya CAT III, daraja la usalama wa mita, kwenda juu. Hili la tru-RMS silisemi kwa kujionyesha, mita za bei rahisi zinakisia kana kwamba wimbi ni laini, na stima ya siku hizi yenye chaja na taa za LED wimbi lake limekatika-katika, mita hiyo itakuonyesha namba ndogo kuliko iliyopo kwa robo na zaidi. Yaani nyutro inachemka na mita yakwambia iko salama.

Pima fezi moja moja uandike, alafu nyutro uandike, zote karibu karibu kwa wakati manake mzigo unabadilika. Kisha piga hesabu ile ya juu ulinganishe na nyutro uliyopima. Zikikaribiana, shida yako kama ipo ni mgawanyo wa mizigo. Nyutro uliyopima ikiwa kubwa sana kuliko ya hesabu, hapo kuna hamoniki, tutaifikia.

Kipimo cha tatu ambacho mafundi wengi hawakifanyi, fungua mdomo wa kilampu uzungushe waya zote nne pamoja, fezi tatu na nyutro. Inatakiwa isome sifuri au chembe ndogo tu, kwa sababu kila kilichokwenda kimerudi kupitia humo humo. Ikisoma ampea nzima, ampea 2, ampea 5, kuna stima inarudi kwa njia nyingine, yaani kwa erthi (waya ya ardhini), kwa bomba la maji, kwa vyuma vya jengo. Mahali fulani nyutro imegusa erthi. Ukiiacha hivyo iko siku mtu atashika bomba la bafuni akiwa na maji mwilini.

Na ukishamaliza ampea pima volti kati ya nyutro na erthi kwenye bodi ya mwisho kabisa. Kama hiyo bodi inalishwa na nyutro ya kopa ya milimita 10 umbali wa mita 40 na inabeba zile ampea 26, utakuta kama volti 2 hivi, hiyo ni kawaida, ni upinzani wa waya tu. Ukikuta 10 au 15 na mzigo si mkubwa, kuna muungano umelegea baina ya hapo na transfoma, ifuate.

KUSAWAZISHA

Tuseme jengo la ghorofa tatu, umepima nyekundu 48, manjano 30, buluu 22. Nyutro kwa hesabu ni kama 23. Hapo kosa la kwanza ni mtu kukimbilia kubadilisha kebo kubwa. Angalia ni sakiti gani za nyekundu zinaweza kuhama, kwa mfano AC mbili za BTU 12000, kila moja inakula kama ampea 5 ikifanya kazi. Ukizihamishia buluu unapata 38, 30, 32, na nyutro inashuka mpaka ampea 7. Hujanunua waya hata mita moja.

Lakini usisawazishe kwa idadi ya breka, kwamba kila fezi nimeipa breka sita basi iko sawa. Breka ya taa na breka ya shawa ya moto si kitu kimoja, shawa ya wati 5400 inameza zaidi ya ampea 22 peke yake. Tena angalia vitu vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Duka la chini lenye friji za samaki zinazofanya kazi usiku na mchana usiliweke fezi moja na saluni yenye dryer nne ukadhani umesawazisha kwa vile ghorofa za juu umezigawa vizuri. Mizigo mikubwa igawe kwanza, friji, AC, hita, majiko ya stima, alafu vidogo vitajazia.

Ukihamisha sakiti kutoka fezi moja hadi nyingine chunga nyutro ya kuazima. Hii ni tabia mbaya ya miaka mingi, fundi anaweka taa ya ngazi, fezi anaitoa ghorofa ya kwanza, nyutro anaichukua ile iliyo karibu ya ghorofa ya pili. Inawaka, mteja analipa, fundi anaondoka. Siku ya pili mwingine anazima breka ya ghorofa ya pili anajua yuko salama, anafungua nyutro, kumbe ile nyutro ina stima ya taa ya ngazi inayotoka kwa breka nyingine kabisa, na yeye ndo anakuwa njia. Kila sakiti na nyutro yake, na kwenye baa ya nyutro zipange kwa mpangilio ule ule wa breka ili anayekuja baada yako ajue ipi ni ya nani.

Kuwa na sifuri kamili haiwezekani, watu wanawasha na kuzima. Ukiweza saa ya mzigo mkubwa nyutro ikae chini ya robo ya fezi, kwangu mimi hilo ni jengo zuri.

UMESAWAZISHA NA NYUTRO BADO INACHEMKA

Hili ndo limeongezeka siku hizi na watu wengi halijawaingia. Jengo la maofisi, fezi zote ziko sawa, 30, 30, 31, hesabu inasema nyutro ni ampea 1, unaweka kilampu unasoma 40. Mita haijaharibika.

Zamani mzigo ulikuwa pasi, glopu, feni, vitu vinavyokula stima kwa wimbi laini. Kompyuta, TV, chaja ya simu, taa ya LED na UPS ndani yake kuna kirekebishi kinachobadilisha stima kuwa DC, na kinameza stima kwa kudonoa pale tu wimbi linapofika kileleni. Mdonoo huo ukiuchambua unakuta ndani yake kuna wimbi la kawaida la 50 na mengine madogo yanayopiga kwa kasi zaidi, la 150, la 250, la 350 na kuendelea, hayo ndo hamoniki. Lile la 150, la tatu, ndo adui wa nyutro. Fezi zinapishana kwa digrii 120, lakini wimbi linalopiga mara tatu kwa haraka ile tofauti nayo inazidishwa mara tatu, 120 mara tatu ni 360, duara kamili, kwa hivyo hamoniki ya tatu ya nyekundu, ya manjano na ya buluu zinafika kwenye nyutro kwa wakati mmoja zimepanda pamoja. Hazimalizani, zinajumlishana. La tisa na la kumi na tano vile vile.

Piga hesabu uone. Kila fezi ina ampea 10 za wimbi la kawaida na 6 za hamoniki ya tatu. Kilampu itakuonyesha kila fezi kama 11.7. Kwenye nyutro zile 10 zimemalizana zote, lakini zile 6 zimekuwa 18. Nyutro 18, fezi 11.7, na fezi zimesawazishwa kikamilifu. Kwa mizigo ya kurekebisha mitupu nyutro inaweza kufika mara 1.73 ya fezi.

Sasa fikiria breka ya fezi tatu ya poli tatu, yaani inakata waya tatu kwa pamoja. Inaangalia fezi tu. Fezi ziko chini ya kiwango, breka imetulia, nyutro imezidiwa na hakuna anayeilinda. Na ukiwa kwenye jengo la zamani ambako nyutro iliwekwa nyembamba kuliko fezi, enzi hizo ilikuwa inaruhusiwa kwa sababu nyutro ilikuwa haina kazi kubwa, mambo ni mabaya zaidi.

Namna ya kuwa na hakika kama ni hamoniki, kama kilampu yako ina kitufe cha Hz, cha kuhesabu wimbi linapiga mara ngapi kwa sekunde, ibane kwenye nyutro ukibonyeze. Ikisoma karibu na 50, nenda kasawazishe fezi. Ikisoma 150, umeipata.

Dawa yake ni hizi. Kwenye kazi mpya weka nyutro isiyopungua fezi, na kwa majengo ya kompyuta nyingi wapo wanaopitisha nyutro mbili, na ni sawa. Kanuni za kimataifa za nyaya, IEC 60364, zinasema hamoniki ya tatu ikizidi asilimia 33 ya fezi basi ukubwa wa kebo unachaguliwa kwa kuangalia ampea za nyutro. Hata kabla ya hapo, ikizidi 15, kebo ya kori nne inapunguzwa uwezo mpaka 0.86 manake waya nne zote zinatoa joto humo ndani badala ya tatu. Kwa jengo lililopo tayari, usiache sakiti za kompyuta za fezi tatu zishirikiane nyutro moja, kila moja ipewe yake mpaka kwenye bodi. Na unaponunua AC za inverta au UPS kubwa uliza kama ina PFC, kifaa cha ndani kinachofanya ivute stima kwa wimbi laini, yenye PFC inachafua kidogo sana. Filta na transfoma za zigzag zipo lakini hizo ni za viwanda na mahoteli makubwa, mwenye flati asiuziwe.

IKIKATIKA

Hapa nataka usome taratibu.

Rudi kwa ile pete. Kilichokuwa kinaishikilia kimeondoka, watu watatu bado wanavuta. Pete inakwenda kwa mwenye nguvu zaidi, na kwa stima maana yake ni hii, fezi yenye mzigo mkubwa volti zake zinaanguka, fezi yenye mzigo mdogo volti zake zinapanda. Nyutro ya jengo zima imehama na haiko sifuri tena.

Kwa namba. Nyekundu kuna pasi ya wati 2000, manjano kuna TV na friji ndogo jumla wati 200, buluu hakuna kitu. Nyutro ikikatika, pasi na TV zimekuwa zimefuatana kwenye volti 415. Pasi upinzani wake ni kama ohmu 29, ile TV na friji tuzihesabu kama ohmu 288. Mgawanyo unatoka hivi, pasi inapata volti 38 hivi, inakuwa vuguvugu tu, na TV na friji zinapata karibu volti 377. Hizo hazina dakika nyingi. Na mpangaji wa TV hajagusa chochote, aliyewasha pasi ni jirani.

Kuna ploti moja Kisauni, mama wa chini anauza barafu na juisi za ukwaju, wa juu wakawa wanasema kila friza yake ikianza kunguruma taa zao zinazidi mwanga. Wengine walifurahi, wanasema stima imekuwa nzuri. Hiyo ndo dalili yenyewe. Volti zikishuka kwa kawaida kwa sababu ya mzigo au waya nyembamba, taa zinafifia na hakuna mahali zinaongezeka. Ukiona mzigo unawashwa huku na taa za kule zinang'aa zaidi, nyutro imelegea au imekatika, usitafute kitu kingine. Ilipofunguliwa bloku ya kuingilia, skrubu ya nyutro ilikuwa inazungushwa kwa vidole viwili, kopa ina kijani cha chumvi, na ile ngozi nyeusi ya waya imegeuka kahawia na kukakamaa karibu upana wa kiganja. Fezi tatu pembeni yake ziko kama mpya.

Chumvi yetu hii ya bahari ni lazima uiheshimu. Hewa ya Likoni, Nyali, Mji wa Kale, inaingia kwenye kila muungano, na pale ambapo waya ya alumini ya nje inakutana na kopa ya ndani kutu inakwenda mbio. Tumia kiunganishi cha bimeta, cha metali mbili, paka grisi yake, kaza skrubu kwa kiwango kilichoandikwa kwenye breka au bloku yenyewe, na ukague walau mara moja kwa mwaka. Waya ya nyuzi nyuzi ivishe lagi, kile kichwa cha chuma cha kubana, kwanza, usiisokote tu ukaibana.

Ukishuku imekatika, kazi ya mwenye nyumba ni moja, zima meni switchi. Usikimbilie kuchomoa TV kwanza, zima meni, alafu waambie majirani wazime. Fundi atapima kwenye kuingilia, fezi kwa fezi ikisoma 415 zote tatu vizuri lakini fezi kwa nyutro inasoma kitu kama 310, 180, 240 hazifanani, imethibitika. Kama ni nyumba yako peke yako shida iko baina ya nguzo na bodi, kama mtaa mzima unalia iko kwenye laini au kwenye transfoma. Ukiwapigia Kenya Power usiseme tu stima ina shida, sema nyutro imekatika na volti zimepanda, manake hiyo ni dharura, si sawa na kukatika stima kwa kawaida.

Nyumba ya fezi moja yenyewe ikikatikiwa nyutro peke yake haiunguzi vitu, inazimika tu. Lakini tesa ukiiweka kwenye soketi inawaka matundu yote mawili. Fezi imepita kwenye friji au taa iliyowashwa, ikatokea upande wa pili, ikakaa pale kwenye nyutro inangoja. Mtu akiishika ile nyutro anapigwa na 240 kamili, na tangu alivyoanza kazi aliambiwa nyutro haipigi.

Na tafadhali, nyutro ikikatika usiunge erthi mahali pake ili watu wapate stima ya usiku huo. Birika la wati 2400 lina upinzani wa ohmu 24, msumari wa erthi ukiwa na ohmu 20, na mingi kwenye mchanga mkavu inazidi hapo, volti 109 zitakaa kwenye ule msumari, na zitakaa pia kwenye kila kitu kilichoungwa na erthi, mwili wa friji, mashine ya kufua, bomba. Watoto wanazishika hizo.

Kwa kujilinda, kila friji na TV iwe na gadi yake ya volti, na kwenye bodi ya fezi tatu weka rilei ya kuangalia fezi ile yenye waya ya nyutro, inayokata ikiona volti za fezi moja zimepanda. Zile za waya tatu tu zinaangalia fezi kwa fezi, na tumeshaona fezi kwa fezi inabaki 415 hata nyutro ikikatika, kwa hivyo hizo kwa shida hii hazioni kitu.

KUUNGA NA KUFUNGUA

Nyutro ni ya kwanza kuungwa na ya mwisho kufunguliwa, siku zote, na fezi zikiwa zimezimwa. Usiweke fyuzi kwenye nyutro wala breka ya poli moja, ikikatika peke yake umejitengenezea yale yale ya hapo juu kwa mkono wako.

Rangi nazo zichunge sana. Nyaya za zamani fezi ni nyekundu, manjano na buluu, nyutro nyeusi. Nyaya mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro buluu. Yaani buluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Mombasa jengo moja unakuta ghorofa za chini ni za zamani na nyongeza za juu ni mpya, zinakutana kwenye bodi moja. Usiamini rangi, pima, alafu bandika alama L1, L2, L3 na N kwa kila waya, na ubandike onyo kwenye mlango wa bodi kwamba kuna rangi za aina mbili.

Jenereta ndo mahali pa mwisho panaposahaulika. Chenjova, ile switchi ya kuhama kati ya laini na jenereta, ya fezi tatu iwe ya poli nne, ihamishe na nyutro pia, na iwe ni ile ambayo mguso wa nyutro unafunga pamoja na fezi au kabla yake na kufungua mwisho. Jenereta yenyewe nyutro yake iungwe na erthi yake pale ilipo. Siku ya kuijaribu, iwashe bila mzigo kwanza, pima kila fezi kwa nyutro upande wa bodi, zote tatu zisome karibu na 240, washa taa za ghorofa moja tu upime tena, na kama namba zimeanza kuachana izime hapo hapo ukaangalie muungano wa nyutro kwenye chenjova kabla hujawasha AC hata moja.